Kumfundisha mtoto wa shule ya msingi nyumbani kwa masomo ya mtandaoni: mwongozo kamili kwa wazazi wa Bukavu

Mtoto wa miaka saba hufundishwa na mtu mzima aliyekaa karibu naye. Masomo ya mtandaoni ni msaidizi wa huyo mtu mzima: yanamletea matamshi ya Kifaransa ambayo hana uhakika nayo, michoro ya hesabu inayocheza, na mazoezi yanayojisahihisha wakati yeye amesimama jikoni. Mzazi anayetegemea zaidi ya hapo atalipa pesa, atamaliza mega (data ya simu), na baada ya miezi michache atakuta mtoto ni hodari wa kubonyeza lakini sentensi moja inamshinda kuandika.

Sababu za kumweka mtoto nyumbani hazifanani. Kuna familia ambazo vita vimezihamisha mara mbili na shule ya mtoto haipo tena pale ilipokuwa. Kuna mtoto mwenye SS, yaani ugonjwa wa selimundu, ambaye maumivu yanamlaza kitandani siku nyingi kila muhula. Kuna wazazi waliochoshwa na darasa ambamo watoto wanabanana benchi moja, hasa tangu shule ya msingi ya umma ilipofanywa ya bure Septemba 2019. Hatua zifuatazo zinawafaa wote hao, mradi nyumbani kuna simu moja nzuri na mtu mzima mwenye saa mbili au tatu za asubuhi. Huyo mtu mzima si lazima awe mama au papa. Shangazi aliyemaliza sekondari, au kaka mkubwa anayengoja chuo kifunguliwe, anaweza kuifanya kazi hii vizuri kuliko mzazi anayerudi sokoni amechoka.

Hatua ya kwanza: weka karatasi sawa

Katiba ya Kongo ya 2006, kifungu cha 43, inawapa wazazi haki ya kuchagua namna ya elimu ya watoto wao. Kifungu hicho hicho kinasema elimu ya msingi ni ya lazima. Kwa hiyo kumfundisha nyumbani hakumaanishi kumtoa kwenye elimu, na ukiulizwa na chifu wa avenyu au na ndugu wa ukoo, jibu lako liwe daftari zenye tarehe.

Nenda ukaonane na direkta wa shule iliyo karibu, hata kama mtoto hasomi pale. Mweleze hali yako kwa adabu na uombe mambo matatu: orodha ya vitabu vinavyotumika mwaka wa mtoto, nakala za mitihani ya muhula iliyopita, na ruhusa ya mtoto kuja kufanya mtihani wa mwisho wa muhula pamoja na wenzake. Lile la tatu baadhi watakataa, na wengine watakubali kwa malipo kidogo. Mawili ya kwanza ni nadra kunyimwa. Tunza pia buletini (ripoti ya alama) ya mwisho na cheti cha kuzaliwa mahali pakavu, kwa maana siku ya kumrudisha shuleni ndivyo vitakavyoulizwa kwanza.

Vitabu ulivyoorodheshewa ndivyo vitakuwa njia yako. Nunua cha Kifaransa na cha hesabu, hata vilivyotumika, pale Kadutu au kwa wauzaji wa barabarani. Kuanzia hapo kitabu ndicho kinachosema wiki hii tunasoma nini, na mtandaoni unaenda kutafuta somo la kukisaidia. Wazazi wengi wanafanya kinyume: wanafuata video zinavyojipanga zenyewe, na mtoto anaruka kutoka pembetatu hadi sayari bila kufika popote.

Hatua ya pili: jua mtoto yuko wapi kweli

Usitegemee jina la darasa aliloacha. Mtoto aliyeandikwa mwaka wa nne anaweza kusoma kama wa pili, na kuhesabu kama wa tano kwa sababu anamsaidia mama yake kuuza.

Chukua asubuhi moja tulivu. Mpe ukurasa wa kitabu cha mwaka uliopita akisome kwa sauti, na baada ya hapo akueleze kwa Kiswahili alichosoma. Akisoma vizuri bila kuweza kueleza, tatizo ni maana, na litatibiwa tofauti na tatizo la herufi. Mpe dikte (imla) ya maneno kumi na sentensi mbili. Mpe hesabu zinazopanda: kujumlisha hadi 20, kutoa kwa kukopa, majedwali ya kuzidisha, kugawanya, sehemu, vipimo vya mita na kilo. Simama pale anapoanza kukwama mara mbili mfululizo, na hapo ndipo masomo yenu yaanzie. Hakuna ubaya akiwa mwaka wa nne katika hesabu na wa tatu katika Kifaransa. Nyumbani hakuna mtu atakayemcheka.

Hatua ya tatu: chagua aina ya somo kulingana na umri

Mwaka wa kwanza na wa pili, kazi kubwa ni kusoma, kuandika kwa mkono na kuhesabu kwa vitu. Yote hayo yanataka karatasi, penseli, maharage ya kuhesabia na mtu wa kumshika mkono. Mtandao utumike kidogo: hadithi ya kusikiliza, wimbo wa herufi, na labda mwalimu wa moja kwa moja mara mbili kwa wiki kwa ajili ya kuzungumza Kifaransa, katika kikundi kisichozidi watoto watano au sita. Kikundi cha watoto ishirini wa miaka sita mbele ya kamera moja ni televisheni, hata kikiitwa darasa.

Mwaka wa tatu na wa nne, video fupi zinaanza kuzaa matunda, kwa sababu mtoto anaweza kuisimamisha, kuirudisha na kunakili mfano. Mwaka wa tano na wa sita anaweza kupewa jukwaa lenye mazoezi na kufanya kazi peke yake nusu saa, ukiwa unasikia kutoka chumba cha pili.

Sasa vyanzo vyenyewe. Nataja vile ambavyo havidai pesa kwanza.

Khan Academy kwa Kifaransa ina hesabu za shule ya msingi, zikiwa zimepangwa kwa majina ya madarasa ya Ufaransa. Kule CP ni mwaka wetu wa kwanza, CE1 wa pili, CE2 wa tatu, CM1 wa nne na CM2 wa tano. Shule yao ya msingi ina miaka mitano na yetu sita, kwa hiyo mtoto wa mwaka wa sita atayakuta ya umri wake kwenye sixième, ambayo kwao tayari ni sekondari. Usishtuke, na usimrudishe CM2 kwa sababu tu ndilo darasa lao la mwisho la msingi.

Réseau Canopé wa Ufaransa wametengeneza filamu za katuni zinazoitwa Les fondamentaux, za dakika chache kila moja, kuhusu sarufi, hesabu na sayansi. Kwangu mimi ndizo zinazofaa zaidi mji wetu: fupi, zinafundisha jambo moja, na hazili mega nyingi. Lumni ya televisheni za umma za Ufaransa ina mengi zaidi, lakini mtoto hupotea ndani yake kama hukumchagulia.

Kwa Kiswahili kuna Ubongo, watengenezaji wa katuni wa Dar es Salaam, wenye vipindi vya hesabu na sayansi kwa watoto wakubwa na vya herufi na namba kwa wadogo. African Storybook ina vitabu vya hadithi vya bure katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili na Kifaransa vikiwemo, na hadithi ile ile mara nyingi unaipata kwa lugha zote mbili. Soma ya Kiswahili jioni, na ya Kifaransa kesho yake asubuhi. Mtoto tayari anajua kinachotokea, kwa hiyo nguvu zake zote anazipeleka kwenye maneno.

Kwa programu ya Kongo yenyewe, ipo VodaEduc, jukwaa la masomo la Vodacom. Usisahau redio pia. Shule zilipofungwa kwa korona Machi 2020, Radio Okapi ilianza kurusha masomo yaliyoitwa Okapi École, na wengi walijifunza wakati ule kwamba mtoto anayesikiliza huku daftari likiwa wazi mbele yake anashika mambo mengi bila skrini yoyote.

Za kulipia ni za aina mbili. Kuna shule kamili za mbali kama CNED ya Ufaransa, iliyoanza 1939, inayotuma masomo na kusahihisha kazi za mtoto. Ni nzuri kwa familia inayotegemea kuhamia Ulaya au kuingia shule yenye programu ya Kifaransa. Kwa mtoto atakayerudi shule ya Ibanda mwaka ujao, ni gharama ya euro kwa ajili ya historia ya wafalme wa Ufaransa. Aina ya pili ni mwalimu binafsi anayefundisha kwa Zoom, Google Meet au WhatsApp. Anaweza kuwa Kinshasa, Nairobi au hapa hapa Bagira. Mwalimu wa hapa anayejua vitabu vyetu, akifundisha kwa simu kwa sababu ya usalama au mvua, ninampendelea kuliko jukwaa lenye rangi nyingi.

Hatua ya nne: jaribu kabla ya kulipa

Omba somo moja la majaribio na ukae ndani yake mwanzo hadi mwisho. Hesabu mara ambazo mwanao amesema kitu au ameandika kitu. Kama nusu saa imepita bila yeye kuulizwa hata swali, shukuru na uondoke.

Muulize mwalimu: umeme ukikatika katikati ya somo, tunafanyaje? Mwalimu mzuri ana jibu tayari: anatuma sauti na picha ya ubao kwa WhatsApp, au anarudia somo. Anayesema "haijawahi kutokea" hajawahi kufundisha mtoto wa Bukavu. Muulize pia nani anasahihisha kazi, na baada ya siku ngapi.

Kuhusu malipo, anza na mwezi mmoja hata ukibembelezwa na punguzo la mwaka. Tangu benki zilipofungwa mjini mwanzoni mwa 2025, kulipa kwa kadi kumekuwa mzigo, kwa hiyo tafuta anayepokea M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, na uhifadhi ujumbe wa malipo. Hakikisha pia jina linalotokea kwenye simu unapotuma ndilo la mtu mliyepatana naye.

Patana saa kwa tarakimu na kwa mji: "15:00, saa za Bukavu." Kinshasa wako nyuma yetu kwa saa moja, Nairobi na Dar wako mbele kwa saa moja. Paris wako nyuma saa moja wakati wa baridi yao, na kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi ya mwisho ya Oktoba tuko sawa. Mwisho wa Oktoba kila mwaka kuna watoto wanaoingia darasani saa nzima mapema, wakidhani mwalimu amewatupa.

Hatua ya tano: umeme, mega na kifaa

Hapa ndipo mipango mingi inapofia. Umeme wetu unatoka mitambo ya mto Ruzizi, mtambo wa pili tunaugawana na Rwanda na Burundi, na kila mtaa unajua zamu yake ya giza. Panga masomo ukidhani umeme hautakuwepo. Ukija usiku wa manane, chaji kila kitu: simu, tableti, pawabenki. Pawabenki ya mAh 20,000 inachaji simu ya kawaida mara tatu hivi, nayo inatosha siku mbili za masomo ukipunguza mwanga wa skrini. Kwa mtoto, tableti ya inchi nane au kumi ni bora kuliko simu, kwa sababu ya macho, na ni bora kuliko kompyuta ya mezani inayozimika na umeme. Lakini kama pesa inatosha kitu kimoja tu, nunua taa ya sola kabla ya tableti. Mtoto asiyeona daftari lake jioni hatasaidiwa na skrini.

Mega zinahesabika. Zoom ya kikundi yenye picha nzuri inaweza kula kati ya MB 800 na zaidi ya GB 2 kwa saa. Tuseme GB 1 kwa saa: masomo matatu ya dakika 45 kwa wiki ni GB 2 na robo, karibu GB 9 kwa mwezi, kwa mtoto mmoja. Linganisha na bei ya forfe (kifurushi cha data) yako kabla ya kutoa ahadi. Ili kupunguza, zima kamera ya mtoto baada ya salamu na uiwashe anapoonyesha kazi yake, na umwombe mwalimu afanye hivyo hivyo anapoonyesha ubao. Video zilizorekodiwa zitazame kwa ubora wa 240p au 360p. Herufi za ubaoni zikisomeka, inatosha.

Njia iliyo rahisi zaidi ni kutotumia intaneti kabisa wakati wa somo. Kolibri ni programu ya bure iliyotengenezwa kwa ajili ya mahali kama hapa. Unaiweka kwenye kompyuta ndogo, hata ya zamani, unapakua mara moja masomo unayotaka, Khan Academy ya Kifaransa na African Storybook zikiwemo, na baada ya hapo simu na tableti za nyumbani zinasoma kutoka kwenye kompyuta hiyo bila mega hata moja. Kiwix inafanya vivyo hivyo kwa ensaiklopedia: pakua Vikidia, iliyoandikwa kwa Kifaransa chepesi kwa watoto wa miaka 8 hadi 13, na maswali ya "kwa nini mvua inanyesha" yatapata jibu hata mtandao ukilala. Upakuaji ufanye ofisini, au kwa rafiki mwenye Wi-Fi ya kudumu, kwa ruhusa yake. Familia tatu za avenyu moja zikichangia kompyuta moja ya Kolibri, gharama inakuwa ndogo kabisa.

Kwa wanaokaa Nguba, Muhumba na kando ya Ruzizi kwa jumla: simu inapenda kudaka mtandao wa ng'ambo ya mpaka. Zima data ya ugenini kwenye mipangilio na uchague mtandao wako kwa mkono badala ya kuiachia simu ichague. La sivyo kredi itaisha katikati ya somo la vitenzi na hutajua ilikokwenda.

Hatua ya sita: ratiba inayovumilia

Watoto wa mwaka wa kwanza na wa pili wanahitaji saa mbili za kazi ya kweli kwa siku, wakubwa tatu. Ikikushangaza, kumbuka muda ambao darasa la watoto sitini linatumia kwa kunyamazishana. Kati ya saa hizo, skrini isizidi dakika 30 kwa wadogo na saa moja kwa wakubwa, tena kwa vipande.

Weka kazi ya karatasi kwanza, asubuhi mapema, kwa sababu haitegemei umeme wala mtandao: kusoma kwa sauti, dikte, majedwali, mwandiko. Skrini ije baadaye. Ukianza na skrini, daftari litaonekana adhabu. Somo la moja kwa moja likiwa mchana, acha siku hiyo iwe nyepesi.

Kwa kila wiki panga siku nne kamili na ya tano iwe ya kuziba mapengo. Siku ambayo mtandao umekufa, mvua imebomoa njia, au mji umelala kimya kwa hofu na mnakaa ndani, fanyeni ya karatasi tu na msilaumiane. Ile siku ya tano ipo kwa ajili hiyo.

Watoto wawili wakigawana kifaa kimoja, mmoja anaandika wakati mwingine anatazama, halafu wanabadilishana. Usiwaweke pamoja mbele ya video ya mkubwa. Mdogo atacheza, mkubwa atakasirika.

Hatua ya saba: somo lenyewe, hatua kwa hatua

Tuchukue somo moja, kutoa kwa kukopa, mwaka wa pili au wa tatu. Kitabu kinasema wiki hii ni hilo.

Usiku uliopita, tazama video wewe mwenyewe. Hii si hiari. Utagundua, kwa mfano, kwamba video nyingi za siku hizi zinavunja kumi: kwenye 52 kutoa 27, ile 5 inakuwa 4, na 2 inakuwa 12. Kumi na mbili kutoa saba ni tano, nne kutoa mbili ni mbili, jibu 25. Sisi wengi tulifundishwa njia nyingine: tunaongeza kumi juu kwenye mamoja, na moja chini kwenye makumi. Kumi na mbili kutoa saba ni tano, tano kutoa tatu ni mbili, jibu ni lile lile. Njia zote ni halali, lakini mtoto akiipata moja kwenye skrini na nyingine kwako, atazichanganya na kuandika 35 au 15. Angalia kitabu cha shule kinatumia ipi, fuata hiyo, na kama video inaenda kinyume tafuta nyingine.

Asubuhi, kabla ya kuwasha chochote, weka mezani mafungu matano ya vijiti kumi kumi na vijiti viwili. Mwambie akupe ishirini na saba. Mwache ahangaike. Atafika mahali atakuambia lazima tufungue fungu moja. Hapo ndipo washa video, kwa sababu sasa ana swali ambalo video inalijibu.

Video ikicheza, keti upande wa mkono asioandikia. Isimamishe kabla ya jibu na umuulize, "Sasa atafanya nini?" Dakika tatu za video zitachukua kumi, na ndivyo inavyotakiwa. Ikimalizika, funga kifaa kabisa, kigeuze uso chini. Mtoto afanye hesabu nne kwenye daftari, ya mwisho iwe ya maneno na ya kwetu: "Mama alikuwa na mafungu 52 ya sombe, ameuza 27." Mazoezi ya video kuhusu euro na mikate ya Paris yabadilishe yawe ya franga na mandazi.

Mwisho, mwambie amfundishe mtu mwingine: dada yake mdogo, au koko (bibi au babu) anayekaa uani. Akiweza, somo limeingia. Akishindwa, kesho mnarudia kwa vijiti, bila video.

Mtego wa Kifaransa

Kuna jambo linalowaangusha watoto wetu kwenye masomo ya kutoka Ufaransa. Sisi Kongo tunahesabu septante (70) na nonante (90), kama tulivyorithi kutoka kwa Wabelgiji. Mwalimu wa video anasema soixante-douze ("sitini na kumi na mbili", yaani 72), na mtoto anaandika 6012, akiwa ameandika kile hasa alichosikia. Kabla ya kuanza video za hesabu, tengeneza bango la namba 70 hadi 79 na 90 hadi 99 kwa namna zote mbili, ulibandike ukutani, na mwambie waziwazi: hivi ndivyo wanavyosema kule, hivi ndivyo utakavyosema mbele ya mwalimu wa hapa.

Kuhusu lugha ya nyumbani, mzazi asijilazimishe Kifaransa kibovu kwa aibu. Fafanua kwa Kiswahili, au kwa Kishi kama ndiyo lugha ya moyo wenu, kisha majibu yaandikwe kwa Kifaransa. Mtoto anayeelewa sehemu kwa Kiswahili ataipata fraction kwa dakika moja.

Usalama

Akaunti zote ziwe kwa jina na namba ya mzazi. Mtoto haingii darasani akiwa na jina lake kamili, jina la shule au mtaa. Jina moja tu linatosha. Kamera ielekee ukuta mtupu, isionyeshe dirisha wala mali za nyumba. Siku hizi hilo si jambo dogo. Kiungo cha darasa kisitumwe kwenye vikundi vya WhatsApp vya avenyu. Mwalimu binafsi hazungumzi na mtoto kwa siri: ujumbe wote unapita kwenye simu ya mzazi, mlango wa chumba uko wazi, na somo linafanyika sebuleni. Anayekataa masharti hayo, hata akiwa mwalimu hodari, mwache aende zake.

YouTube usimwachie mtoto peke yake. Pakua video uliyoichagua, uiweke kwenye folda, na umpe folda.

Ushahidi wa kazi, mtihani, na kurudi shuleni

Kila Ijumaa, tia tarehe na sahihi yako kwenye kurasa za wiki. Kila mwezi, weka pembeni dikte moja, ukurasa mmoja wa hesabu na insha fupi moja. Asilimia za kwenye jukwaa usiziamini sana, maana mtoto anajifunza upesi kubahatisha kati ya majibu manne, na programu inampigia makofi. Mtihani wako uwe ule wa karatasi ulioupata kwa direkta, kwa muda uliopangwa, bila msaada. Akipata chini ya nusu, simamisha masomo mapya kwa wiki nzima na mrudi nyuma.

Mwaka wa sita una jambo lake. ENAFEP, mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, una Kifaransa, hesabu na maarifa ya jumla, na mtoto anaandikishwa kupitia shule. Mtu asikudanganye kwamba cheti cha jukwaa la nje kinachukua nafasi yake. Kwa hiyo mtoto wa mwaka wa tano anapokaribia kumaliza, rudi kwa yule direkta mapema, kabla ya Septemba, mkubaliane jinsi atakavyoandikishwa na ni mitihani ipi ya ndani atakayopaswa kufanya pamoja na wengine. Nenda na daftari, buletini ya zamani na zile dikte za kila mwezi. Maarifa ya jumla ndiyo yanayowaangusha waliosoma kwa video za kigeni: mikoa ya Kongo, mito, historia ya uhuru wa 1960, uraia. Hayo yafundishe kwa kitabu cha hapa tangu mwaka wa nne, nusu saa kwa wiki, kwenye ramani ya Kongo iliyobandikwa karibu na lile bango la namba. Na miezi miwili kabla ya mtihani, punguza skrini hadi karibu na sifuri: karatasi za miaka iliyopita, kalamu mkononi, saa mezani, kiti kigumu.